Fundi saa kwenye meza yetu

Shoga, uko wapi? Siwezi kukaa, nazunguka uani tu.

Tulikuwa tunakula, baba akauliza kwa utani, "Leo ingekuwa siku yenu ya mwisho, mngekula nini, na nani?"

Mimi nikasema, "Kuku, na nyinyi wote."

Mama akasema, "Wali na samaki. Na fundi saa."

FUNDI SAA! Yule aliyemchumbia kabla ya baba! Mbele ya baba!

Nikajua anatania. Wapi! Baba akaweka kijiko chini. "Miaka yote hii, bado?"

"Si umeuliza?"



Halafu baba akasema taratibu, "Basi mwalike Jumapili. Nitapika mimi."

Nikamwangalia mama, nikidhani atalia.

Akauliza, "Saa ngapi?"