Maziwa ya Kibuyu na Safari ya Jumanne

Kitengela, Jumapili

Yeyo, mama yangu,

Ni miezi mitano tangu tukuzike Mashuuru, na tangu siku hiyo tumbo langu halijanipa amani. Linajaa, linanguruma, linanikimbiza chooni katikati ya somo huku darasa la tatu likicheka. Kila likinikata najiambia ndio ule ugonjwa wako, ndio saratani.

Daktari wa Kajiado alinipima damu na choo, asione kitu. "Hii inaonekana ni tumbo ya wasiwasi, mwalimu," akasema. Eti tumbo na akili huambukizana hofu. Nijaribu maziwa lala, yaliyogandishwa, mwezi mmoja: vijidudu vyake vizuri huwatuliza wengine tumbo na hata moyo, wengine wasione tofauti. Lakini kwa sababu yako, akaandika pia niende Nairobi nikaangaliwe ndani ya tumbo kwa kamera.

Maziwa, Yeyo! Yale uliyonitumia kwa kibuyu kila siku ya soko, nami nikampa jirani kwa kuwa yananuka moshi, kisha nikakudanganya nimeyamaliza. Nisamehe. Siku hizi wifi yangu Naserian ndiye anayenitumia. Anakisugua kibuyu ndani kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien kama ulivyomfundisha, na nayanywa yote.

Na yamenisaidia. Gesi imepungua. Juzi nilijikuta naimba nikiosha vyombo. Hapo ndipo hofu yangu ilipo sasa, maana nimeahirisha kamera mara mbili. Najiambia, si nimepona?

Wewe pia ulisema hivyo. Ulianza kukonda, ukashika kibuyu chako, ukatuambia, "Wacheni, hii ni tumbo tu. Itapoa." Tukakuamini mwaka mzima. Nina hasira na wewe, Yeyo, wacha niseme. Uliyanywa maziwa hayo maisha yako yote, na bado ulikufa.

Jumanne naenda. Naserian atanisindikiza, kwa sababu peke yangu nitarudia njiani. Sijui watakuta nini. Nakuahidi hili: wakiniuliza inauma wapi, na tangu lini, sitaficha hata kidogo. Binti yangu Sein ana miaka sita.

Nakupenda, Yeyo. Lakini sitaki kukufuata bado.

Olesere, kwaheri.

Mwanao, Nashipae