Mguu wa Kiwanda

Jumatatu, 3 Machi

Kiatu kipya cha wauguzi kimepita! Raundi saba kuzunguka uwanja wa kiwanda, kama kila Jumatatu tunapokuwa na kiatu kipya. Mashine zinazimwa, watu wanatoka kusimama ukutani, mimi navaa jozi ya kwanza na kutembea. Sisemi neno mpaka raundi ya saba. Leo nilisimama, nikawatazama, nikasema: "Kinaenda." Makofi! Nayapenda makofi yale, na sioni kwa nini nijifiche kwenye daftari langu mwenyewe.

Laini ajabu. Mguu umekaa humo kama uko nyumbani kwake. Bwana Gundi, fundi wangu mkuu, tuliyeanza naye tukiwa wawili na cherehani moja, akaipokea ile jozi, akafuta soli, akaondoka nayo bila neno. Yeye na maneno hawaivi chungu kimoja.

Barua kutoka chuoni. Niende Jumatano ya wiki ijayo nikaongee na wahitimu: masomo ya kazi kutoka kwa mwanzilishi wa kampuni. Watu mia nne. Nilikubali kabla sijafika mwisho wa barua.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika masomo sita. La kwanza: usiuze usichokivaa mwenyewe. Miaka ishirini na sita, hakuna kiatu kilichotoka getini bila kupita mguuni mwangu. Hata ule mguu wa mbao tunaojengea viatu juu yake ulichongwa kwa kupima mguu wangu, namba thelathini na tisa. Namba nyingine zote zinapanuliwa au kupunguzwa kutoka huo. Wafanyakazi wananiita Mguu wa Kiwanda. Wanadhani sijui.

Mume wangu kasoma. Anasema haya si masomo, ni amri. Nikamwambia ndiyo maana yeye alistaafu ualimu na mimi nina kiwanda. Akacheka, akaomba chai.

Nimewatumia chuo maelezo yangu mafupi, wayasome wakati wa kunikaribisha. Nimeweka humo: "Kila kiatu hupita mguuni mwake." Sentensi tamu.

Nimemgombeza tena binti wa kaka yangu. Ndiye msimamizi wa uzalishaji, kichwa kizuri kabisa, lakini anatembea kama anakanyaga miiba! Wiki hii anachechemea, wiki ijayo mzima. Nikamwambia kiwanda cha viatu hakisimamiwi kwa mwendo ule, wageni watatucheka. "Sawa, Shangazi." Basi. Sawa tu, kila siku sawa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Mvua asubuhi. Viatu vyangu vimelowa chapachapa. Nikaingia stoo kuchukua jozi kavu — kiatu kilekile cha Jumatatu, namba yangu, kimefungwa tayari kwenda madukani. Hakiingii! Nikafungua boksi jingine. Kikaingia kwa kulazimisha, kidole cha mwisho kinalia. La tatu. La nne. Nimefungua maboksi kumi na moja, nimekaa sakafuni kama mtoto katikati ya makaratasi.

Nikapiga kelele. Zimeni mashine! Nani kakata ngozi hii? Watu sitini wamesimama, nawaambia mzigo wote mbovu, ufumuliwe. Binti wa kaka akaja na futi na mguu wa mbao. Akapima. Akapima tena. "Shangazi, vipimo viko sawa." Nikamwambia basi futi ndiyo mbovu. Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya watu.

Kila mtu anachunguza vidole vyake. Halafu Bwana Gundi: "Mama, waache wawashe mashine. Viatu ni vizima. Njoo huku."

Chumbani kwake akafungua kabati. Miguu miwili ya mbao. Mmoja naujua. Wa pili umebandikwa vipande vya ngozi ubavuni, tabaka juu ya tabaka, na pembeni mwa kidole gumba nundu nzima. "Huu ndio wako wa sasa," akasema. Miaka minne iliyopita aliona mguu wangu umetanuka. Tangu hapo jozi ya Jumatatu anaijenga juu ya huu wa pili. Hiyo jozi moja tu. Zote zinazokwenda madukani zinajengwa juu ya ule wa zamani.

Nikauliza nani anajua. Akakuna kichwa. Wote, Mama. Na mlinzi wa getini? Na mlinzi.

Miaka minne wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Na yale makofi!

Ijumaa, 7 Machi

Sikwenda. Nimesema nina mafua. Sina mafua.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwita Bwana Gundi nyumbani. Kwa nini hukuniambia? Akazungusha kikombe. "Ungenifukuza."

Siwezi kukataa. Kulikuwa na mkata ngozi mmoja aliyesema waziwazi uwanjani: Mama, kiatu hakina kosa, mguu wako ndio umevimba. Siku ileile nikamhamishia kwenye kufunga maboksi. Mwezi haukuisha akaacha kazi. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wote. Bwana Gundi hakumtaja, wala hakuwa na haja ya kumtaja.

Halafu nikakumbuka kile kiatu cha mkanda nilichokikataa mwaka juzi. Kinabana, nilisema, kirudi kikarekebishwe. Wiki moja baadaye akakileta, nikakipitisha, nikajisifu mpaka kwa majirani. Nikamwuliza alirekebisha nini. "Jozi yako tu, Mama." Na ndicho kiatu chetu kinachotoka kuliko vyote! Mume wangu alikuwa pembeni na gazeti lake. Gazeti likaanza kutetemeka. Nilitaka kumrushia mto, nikajikuta na mimi nacheka mpaka machozi, na sina hakika yote yalikuwa ya kicheko. Imeniuma. Imeniuma sana.

Sasa nani anavijaribu kweli? Bwana Gundi akaweka kikombe chini. Binti wa kaka yako. Mguu wake na ule wa mbao wa zamani ni sawasawa, hauzidi hata unywele. Kila kiatu kipya anakivaa wiki mbili kabla yangu. Anakuja nacho kazini, anasimama nacho kutwa, anapanda nacho ngazi. Kikimchubua kinarudi mezani. Mimi naletewa kilichokwisha kupita.

Kuchechemea kule! Na mimi namgombeza.

Jumatatu, 10 Machi

Leo zamu ya kiatu cha walimu. Nimekichora mwenyewe, kisigino na vyote. Nilikiharakisha kwa sababu maduka yanakisubiri, kwa hiyo binti wa kaka hakupata wiki zake mbili za kukivaa.

Nikawakusanya uwanjani. Nikasema Mguu wa Kiwanda leo umepumzika, atatembea binti wa kaka yangu. Walivyotazamana! Kumbe Mama analijua jina! Akavaa. Raundi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akasimama.

"Hakiendi, Shangazi. Kisigino kinanisukuma mbele. Mwalimu hamalizi nacho siku."

Watu wote wakanigeukia mimi. Yeye hakuna aliyemtazama. Nilikuwa na neno moja tu la kusema: mmesikia. Badala yake nikasema tutaongea, nikaenda ofisini, nikafunga mlango. Nilimwona dirishani akivua kile kiatu polepole, peke yake, watu wameshaondoka. Nimejichukia kuliko Alhamisi.

Jumatano, 12 Machi

Chuoni. Chumba cha nyuma ya jukwaa, viti vya plastiki, feni inayolia. Bado robo saa, naandika nitulie. Binti wa kaka nimekuja naye. Nimevaa jozi ya dukani, namba thelathini na tisa, kwa ubishi tu: leo nasimama mbele za watu na kiatu kilekile wanachouziwa watu. Kuvaa kumetuchukua watu wawili na kijiko cha kuingizia kisigino.

Yale masomo sita nimeyachana asubuhi. Limebaki moja na maneno yake sijayapata. Nitayapata. Sijawahi kupanda mahali nikakosa la kusema.

Simu! Bwana Gundi. Ngozi ya kiatu cha walimu imekatwa, watu wamekaa tangu juzi mikono mitupu. Kinaenda au hakiendi? Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kinaenda, ndivyo nilitaka kusema, kwa mazoea, na kwa sababu kisigino kile nakipenda. Nikampa simu binti wa kaka. Mjibu wewe.

Akaniangalia mara mbili. Akamwambia hakiendi mpaka kisigino kishuke, na kwanza akivae wiki mbili. Akakata simu, akangoja ngurumo. Nikamwuliza kama kuna maji ya kunywa.

Miguu inawaka moto. Navua mara moja tu, nipumue.

Kosa! Dakika tano, miguu imeumuka kama maandazi! Na mshereheshaji ameshaanza kusoma maelezo yangu. Mwanzilishi. Miaka ishirini na sita. Binti wa kaka kapiga magoti, kashika kiatu kwa mikono miwili: "Sukuma, Shangazi, sukuma!" Nasukuma. Anacheka, masikini, anajizuia kwa kuuma mdomo. Kijiko tumekiacha nyumbani.

"Kila kiatu hupita mguuni mwake" — anaisoma kwa madaha yote, sentensi yangu tamu! Makofi. Nasikia viti, wanasimama. Na hiki hakiingii.

Nimemwambia aache. Anipe vyote viwili mkononi, na aje nami. Sakafu baridi miguuni, raha tupu. Wananiita —