Kigingi cha Adungu

Jumanne, Mvara.

Mkono wangu bado unazunguka, kana kwamba kile chuma cha kupanulia matundu hakijatoka kiganjani.

Mama Driciru wa Ediofe alileta adungu, kinubi cha marehemu mumewe. Kigingi kimoja kilichomoka, na kwa mvua hizi mti umevimba, hakirudi tena. Kukichonga ni kazi ya dakika moja. Lakini marehemu, kila akibadilisha uzi, alikishika mdomoni. Alama za meno zimekijaa kote.

Basi nikapanua tundu, polepole, unga wa mti ukinidondokea mapajani kama usingizi. Niliogopa kupitiliza. Tundu likishakuwa kubwa...

Kikakaa. Nikakaza uzi, ukalia vizuri. Mama hakusikiliza. Alikuwa anakipapasa.

"Meno yake bado iko," akasema.