Nauli Iliyojificha Nyuma ya Ng'ombe

Bhoke mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako hajambo, amemaliza kupalilia ulezi, na yule ndama uliyempa jina naye sasa amezaa.

Unauliza uandike Kiingereza gani ili ofisi ikurudishie nauli. Miaka ya ujamaa nilikuwa katibu wa kijiji Nyambureti. Nikaitwa semina Musoma, nikauza kuku wawili wa bibi yako nipate nauli, kwa ahadi kwamba nitarudishiwa. Nilipomwandikia mtaalamu Mwingereza aliyetuita, nilifuata adabu ya kwetu: huombi kabla ya kusalimia. Nikajaza kurasa mbili za Kiingereza cha kamusi, nikiulizia watoto wake, mvua na ng'ombe wake. Nauli niliitaja mstari wa mwisho, kwa aibu.

Akajibu haraka: amefurahi sana, ila hana ng'ombe.

Bibi yako akasema, "Mwambie kama unavyoniambia mimi ukitaka ugali."

Nikaandika: "I paid my bus fare. Please pay me back." Nililipa nauli, naomba nirudishiwe. Kuku wakarudi.

Nawe andika hivyo hivyo. Salamu za ng'ombe niletee mimi. Huku wapo, na wanakuulizia.

Babu yako,
Mwita