Ampule Iliyofia Kwenye Mteremko

Mujukulu wangu Ramazani,

Hapa mtaani Bel-Air mama yako amepona, shangazi yako anajifungua mwezi ujao, Mungu akipenda, na mimi bado namaliza bukari yangu yote, ugali haubaki sahanini.

Unauliza: taa za LED ulizotengenezea baiskeli zimewaka vizuri mezani, je, inatosha kuwapa watu?

Haitoshi. Miaka ile ya Zaire marehemu baba yangu alikuwa fundi baiskeli, na kujaribu ampule, balbu za taa, ilikuwa kazi yangu. Niligeuza baiskeli magurudumu juu, nikazungusha pedali kwa mkono, dinamo ikaamka, ampule ikawaka. Nikajiona fundi mkubwa! Iliyong'aa kuliko zote nikampa Mzee Kasongo, mchuuzi wa samaki, aliyekuwa akielekea Kasenga alfajiri.

Alirudi anachechemea. "Mutoto, ampule yako ilikufa ku mutelemuko. Kinga, ile baiskeli yangu, ilikimbia, taa ikazimika, nikaingia mu mufereji."

Mkono wangu haukuweza kuzungusha gurudumu kwa kasi ya mteremko, na kwa kasi ile dinamo huunguza ampule dhaifu. Baba hakunigombeza. Alinikabidhi baiskeli, akasema, "Panda."

Tangu hapo kila ampule niliteremka nayo mwenyewe, kitenge nimekikunja hadi magotini. Majirani walisema binti wa fundi hana haya. Baadaye walikuja wenyewe kununua taa.

Basi zifunge taa zako, uteremke nazo. Kama kuna wa kuanguka, awe wewe kwanza.

Bibi yako, kambo,
Mwamini