Nyuki Mwenye Meno

Jumapili, 2 Machi

Daftari, hujambo? Uandishi ninaoujua mimi ni wa barua tu, kwa hiyo naanza na salamu kama nilivyofundishwa. Mimi niliyekushika sijambo, ila presha. Baba watoto hajambo, yuko uani kwa jirani anahangaika na bomba. Fundi bomba hana Jumapili. Mama mkwe hajambo, miguu inamsumbua ila ulimi mzima kabisa. Kitinda mimba wangu hajambo, kalala na viatu. Kipa wangu hajambo. Huyu ndiye mkubwa, anadaka katika timu ya wasichana ya mtaa wetu, Nyuki, na hata humu ndani jina la kuzaliwa tumeshalisahau. Cherehani nayo haijambo, nimeitia mafuta jana.

Nesi kasema niandike yanayonikaa moyoni, eti presha itashuka. Haya. Yanayonikaa moyoni ni jezi.

Jezi za Nyuki nashona mimi tangu timu ilipoanza. Njano, kola nyeusi, kifuani nyuki niliyemdarizi kwa mkono. Mabawa mawili, mistari mitatu, miguu yote. Msimu mpya ukija nashona mashati mapya, lakini nyuki hashonwi mpya. Nambandua kwenye shati kuukuu namhamishia kwenye jipya, msichana akiwa amelivaa, kasimama mbele yangu. Haruhusiwi kucheka. Akicheka sindano inamchoma, wenzake wanampigia makofi. Kwetu hiyo ndiyo Siku ya Kuhama. Msimu haujaanza mpaka nyuki wahame.

Mwaka huu hawahami. Kuna mtu kafungua duka la kuchapa karibu na uwanja. Ana kompyuta, ana mashine ya moto, na jezi za msimu huu timu imempa yeye. Wanamwita Mama Printa. Mama wa nani? Hana mtoto!

Jumatatu, 3 Machi

Nimeziona. Kipa kaja nayo, kaivaa hapo mlangoni, kajizungusha.

Zambarau. Nyuki wa zambarau! Halafu imemwagiwa kitu kama juisi kutoka bega hadi kiuno. Inang'aa. Inabana mpaka unaona mtu alivyopumua. Kola hamna, shingo wazi kama nguo ya hospitali. Mgongoni namba imekatwakatwa vipande, tatu na nane mapacha. Na nembo — ee Mungu wangu. Nyuki ana meno. Ana misuli. Kanuna kama anadai kodi ya nyumba. Na miguu hana hata mmoja.

Nikauliza, sasa huyu anatua vipi? Kipa kacheka, akasema mama, siku hizi dunia nzima wanavaa hivi, nembo lazima iwe na hasira.

Mama mkwe kauliza kama hiyo ni ya kulalia.

Nikampenda mama mkwe leo. Niandike hilo, halitokei mara nyingi.

Baba watoto anaijua hali hii. Timu yake anayoishabikia nayo imebadilishwa. Zamani nembo ilikuwa na mnyama, mpira, nyota na ngao, sasa imebaki herufi moja na mstari, utadhani sabuni ya unga. Alinuna siku nne. Sasa kainunua kofia yake. Wanaume hawa.

Jumatano, 5 Machi

Mama Printa kaja hapa! Mwenyewe, kwa miguu yake. Mwembamba, kijana kuliko nilivyodhani, viatu visafi. Kanisalimia shikamoo vizuri, kapiga magoti kidogo. Kaleta mfuko. Akasema mama, nimewabandua nyuki wako kwa uangalifu, nimeona si vizuri wakatupwa na mashati ya zamani niliyoletewa kwa vipimo.

Kawabandua. Kafumua nyuzi ZANGU.

Nikasema asante. Nikampa kiti. Nikamletea maji. Moyoni nilikuwa namfumua yeye, pindo hadi pindo.

Na kibaya zaidi, kawafumua vizuri. Hakuna aliyechanika.

Angekuwa na roho mbaya ningepumzika. Ningemsema kwa majirani nikalala. Huyu kashika shavu la kitinda mimba, kamsifia mama mkwe kitambaa chake, kamwambia baba watoto bomba la dukani linavuja. Baba watoto huyoo, kachukua spana kamfuata siku hiyohiyo! Kurudi, ananieleza kwake kusafi, kuna feni.

Kuna feni.

Jumamosi, 8 Machi

Mechi ya kwanza. Nimeenda, nimekaa upande wa jua kwa sababu yeye alikuwa upande wa kivuli.

Refa kamwonyesha kadi ya njano namba nane. Aliyecheza rafu ni namba tatu! Hakusoma. Nani angesoma? Wasichana wanapiga kelele, kocha anaruka, refa kainama anaangalia mgongo wa mtoto wa watu kama anasoma kibao cha njia. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Mwenzangu pembeni akauliza kulikoni, nikasema nimekumbuka jambo.

Halafu nikamwona Mama Printa kajishika kichwa, kakaa peke yake. Nikaacha kucheka. Si kwa huruma. Kwa sababu mechi ilipoisha Kipa hakuja kwangu. Alikwenda kwake, kamkumbatia, akawa anampigapiga mgongoni. Nimesimama na chupa ya maji mkononi. Maji niliyomletea Kipa. Nikayanywa mimi.

Nimeshinda miaka mingapi pale uwanjani na chupa ya maji? Sijawahi kuinywa mimi.

Jumanne, 11 Machi

Kipa harudi mapema. Mazoezi yakiisha anapita dukani. Anafundishwa kompyuta. Anaweza kuchora namba sasa, amechora namba mpya za timu, zinasomeka. Kanionyesha kwenye simu. Nzuri. Nikasema tatu imeinama kidogo. Haikuinama.

Mazungumzo ya mezani ni anti kasema hivi, anti kasema vile. Anti kasema wali usiku unaleta usingizi. Mama mkwe kauliza, huyo anti ni daktari au mchapaji?

Mimi Kipa sikumfundisha cherehani. Nilimwambia kaa mbali, vidole vya kipa vina kazi. Nilidhani namtunza. Sasa kapata wa kumwambia sogea karibu uone.

Ijumaa, 14 Machi

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Nyuma ya duka la Mama Printa kuna chumba kitupu. Kamwambia Kipa akitaka akakae, ni hatua chache na uwanja, hatachoka na safari, na kazi ya kompyuta atajifunza vizuri. Kipa kaniambia huku anakunja soksi. Hakunitazama.

Nikauliza, umeshamjibu? Akasema bado mama, nitaamua tukirudi kutoka mechi ya ugenini, wiki ijayo. Nikasema sawa. Nikasema hapa kwenu hakukutoshi? Akasema mama, sijasema hivyo. Nikasema hapa hakuna feni, najua. Akasema MAMA.

Kaingia chumbani. Mimi nimebaki na soksi moja.

Baba watoto anasema mtoto ana miaka kumi na tisa, mwache, wewe ulikuwa umeshaolewa. Nikamwambia ndiyo, na tazama. Kacheka. Mimi sikuwa natania. Nilikuwa natania kidogo.

Jumatano, 19 Machi

Yamenikuta.

Siku zote kabla ya safari jezi ya Kipa naipiga pasi mimi. Hata hii ya zambarau nikasema nitaipiga, kazi yangu ni yangu. Nikanyunyiza maji, nikaweka pasi kama ninavyoweka kwenye zile za njano. Kutahamaki, harufu. Nikanyanyua — nembo imekuja na pasi! Kifuani pamebaki doa limekunjamana kama utando wa maziwa. Na kwenye pasi, meno. Nyuki kaondoka, meno yamebaki yananichekea.

Jezi ya kipa ni moja tu kwenye timu.

Sikukusudia. Mungu anajua. Hakuna mtu aliyeniambia nguo hii haitaki moto. Lakini niandike ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma: harufu niliisikia, na mkono ulikawia kunyanyuka. Kidogo tu. Sijui kama mkono ulishtuka au ulifurahi.

Kipa kaja, kaiona. Sikuwa nimeificha. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Akasema mama, ungeniuliza. Kwa sauti ya chini. Kisha akatoka na simu, nikamsikia uani: anti, jezi yangu imeungua. Hakusema mama kaiunguza. Imeungua. Kama vile imeungua yenyewe.

Hapo ndipo nililia.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekaa na ile jezi tangu asubuhi. Wateja wawili nimewarudisha.

Nimekata duara la kitambaa nikafunika doa. Juu yake nikaanza kudarizi. Si nyuki wangu. Wa kwake! Mwenye meno. Nilisema kama mwanangu anampenda huyu aliyenuna basi nitamtengeneza aliyenuna. Kitambaa kinateleza kama sabuni, sindano inakimbia, uzi unavuta. Nimefumua mara nyingi. Misuli imekubali. Hasira ndiyo imenishinda. Kila nikimtia meno anakuwa kama anacheka. Mama mkwe kaja na miwani yake, katazama, akasema huyu naye kaona nini cha kufurahisha?

Nikamtia miguu. Sikuweza kumwacha hana miguu.

Saa kumi Mama Printa kanipigia simu, mara ya kwanza. Akasema mama usijali, kosa ni langu, sikuwaambia kuhusu pasi. Nimeshachapa nyingine, kesho nitampa Kipa kwenye gari. Nami nasafiri nao, wamenipa kazi ya kutunza jezi.

Kosa lake. Analichukua hata kosa langu! Hakuna kitu huyu ataniachia?

Nikasema asante mwanangu. Imenitoka. Nimemwita mwanangu. Akasema asante mama, kama mtu aliyepewa kitu. Baadaye Kipa kaniambia huyo anti hana mama, alifiwa mdogo. Nikamuuliza mbona hukusema siku zote? Akasema ulikuwa huulizi, mama, ulikuwa unamtazama viatu.

Nimerudi kwenye cherehani. Wivu haujaisha, usidhani. Umekaa palepale, ila sasa umekaa na aibu pembeni, wanabanana kiti kimoja.

Ijumaa, 21 Machi

Wameondoka asubuhi. Nilimpa Kipa jezi imekunjwa, nembo kwa ndani. Akaifunua hapohapo barabarani. Akatazama sana. Akapitisha kidole kwenye miguu ya nyuki, mmojammoja. Nikasema najua unayo nyingine, hii ni ya akiba tu, hata ukifutia viatu. Akaikunja, akaitia kwenye begi. Begi lenyewe limejaa kuliko nguo za safari ya siku mbili. Nguo za kulalia, sabuni, ile shuka yake ya maua. Nimeona. Nimejifanya naangalia tairi la gari.

Mama Printa kanipungia mkono kutoka dirishani. Nikapunga. Alikuwa kamwekea Kipa kiti kando yake. Siku zote mimi huhakikisha Kipa anakaa dirishani kwa sababu hutapika akikaa katikati, na nikataka kupiga kelele kumwambia — Mama Printa akawa tayari keshabadilishana naye. Kumbe anajua. Nani kamwambia?

Jumamosi, 22 Machi

Mechi saa nane. Sasa saa kumi na moja. Simu kimya.

Jirani mwenye redio anasema hajasikia kitu. Baba watoto anasema hao ni wasichana, wanaimba kwenye gari, nani atakumbuka simu. Mama mkwe kasema kama wangefungwa ungeshajua, habari mbaya haina foleni. Kitinda mimba kauliza dada anarudi leo? Ghafla kila mtu kapata kazi ya kufanya.

Nimeandika ujumbe kwenye simu nikafuta. Nikaandika nikafuta. Ngoja niuandike hapa kwanza, ukikaa vizuri nitaunakili.

Mwanangu, shikamoo yako nimeshaitikia, mimi nakusabahi. Sisi huku hatujambo. Baba yako hajambo, bibi yako hajambo anakusalimu kwa kejeli zake, mdogo wako hajambo anakuulizia. Msalimie anti yako, mwambie asante kwa kiti cha dirishani. Mlifunga au mlifungwa si neno. Ulivaa ipi sikuulizi. Ukivaa ile yake ni sawa. Ni sawa kabisa. Si sawa lakini ni sawa. Nauliza jambo moja tu, na si kwa ubaya, ni kwa sababu maji yameshachemka na nimesimama na mchele mkononi. Gari likirudi jioni hii unashuka kwetu au kwake? Au mnashuka wote huku, yeye naye hajala? Nipike cha watu wangapi? Nijibu upesi, mwanangu, maji yanakauk—