Mmea wa Mwamba wa Yomo

Ubelgiji, 9 Machi 2011

Mdogo wangu Lopu,

Hujambo wewe na goti lako? Mimi mzima, ila baridi ya huku haijanizoea tangu vita vya Liberia vinitupe huku.

Leo kazini, katika ghala letu la mimea mikavu, nimefungua bahasha isiyoguswa tangu 1956. Ndani mna mmea wa ua jeupe, na maandishi ya Baba kwa penseli: “Mto Yomo, juu ya mwamba. Mingi sana.” Hakuna spishi vitabuni inayofanana nao. Nikithibitisha, utaitwa kwa jina lake, Yakpawolo, yeye ambaye Wazungu aliowakusanyia mimea walimwandika “mpagazi” tu. Lakini hauna tunda wala mzizi. Nenda Yomo. Nitumie mmoja mzima, na mzizi wake, uliokaushwa kama Baba alivyotufunza.

Kaka yako,
Sumo


Gbelekwele, 2 Agosti 2011

Kaka Sumo, shikamoo.

Goti linauma, lakini limenifikisha. Msitu wa Yomo umekatwa. Ni michikichi mpaka majini. Mlinzi akanicheka: “Mama, umepoteza nini humu, ujana?” Nikamjibu, “Wako ndio unaopotea, kutwa kulinda miti isiyo yako.” Akanipisha.

Siku ya tatu niliuona, mmoja tu, katika ufa wa mwamba, una matunda manne. Kaka, nililia kwa furaha. Niliuchimba kwa kijiko. Hata unywele wa mzizi haukukatika. Mvua haiachi, kwa hiyo niliukausha ndani ya magazeti juu ya moto wa kuni. Sasa Baba atapata jina lake.

Mdogo wako,
Lopu


Ubelgiji, 30 Januari 2012

Mdogo wangu Lopu,

Natumaini goti limepoa. Mimi silali vizuri.

Mmea ulifika. Sijaona uliokaushwa vizuri hivyo. Ni spishi mpya, na jina la Baba limechapishwa.

Nilichelewa kukuandikia kwa sababu nilisubiri mbegu. Nilizipanda za matunda matatu. Moto ulikuwa umeziua. Watafiti waliokwenda Yomo mwezi uliopita walitafuta wiki mbili, wakakuta kishimo cha kijiko tu. Ule ndio uliokuwa wa mwisho, Lopu. Kosa si lako. Mimi niliandika “na mzizi wake”, sikuandika “ukikuta mmoja, uache.”

Jana wenzangu walipanga mstari kunipongeza. Niliupokea kila mkono kama mfiwa.

Kaka yako,
Sumo